Ombi la Kurudishiwa Breki Zangu za Zamani

Kwako Shemeji Fundi,
Gereji ya Chini ya Mteremko.

YAH: KURUDISHIWA BREKI ZA ZAMANI

Kichwa cha barua chahusika. Natumaini u mzima na mikono yako ina grisi, kama inavyompasa fundi. Mimi pia ni mzima, isipokuwa paji la uso, ambalo nitalieleza hapa chini.

Shemeji, nilipokwenda msibani nilikuachia gari ulibadilishe oili. Oili tu. Niliporudi nikakuta umelifunga diski kubwa mbele, pedi nene, mipira mipya na mafuta mapya ya breki. Tena ukaniambia, huku unacheka, kwamba gari la umri ule, linaloshindiliwa saruji na mabati kila siku, lilikuwa linatembea kwa rehema za Mungu peke yake. Ukasema ni zawadi. Nilishukuru, maana nimelelewa. Sasa naomba uniruhusu nilalamike kwa utaratibu.

1. Mguu wangu. Miaka yote nimelisimamisha gari hili kwa kupampu: mara ya kwanza kulijulisha, ya pili kulibembeleza, ya tatu kumwachia Mungu. Sasa nikigusa tu, limesimama. Siku ya kwanza nilikisalimia kioo cha mbele kwa paji la uso, na ile nundu dada yako amewaonyesha majirani wote kama vile ni mtoto mchanga.

2. Mzigo. Zamani mzigo ulitulia nyuma kwa sababu hapakuwa na jambo lolote la ghafla. Siku hizi nikisimama, unakuja wenyewe mbele kuuliza kuna nini. Debe la rangi nyeupe lilinimwagikia mgongoni, nikafika kwa mteja nimeshapakwa mkono wa kwanza. Imenibidi nifunge kila kitu kwa kamba, kazi ambayo gari lisilosimama halikuwahi kunidai.

3. Utingo wangu, yule mzee tunayemwita Jiwe. Kazi yake ilikuwa kuruka chini na jiwe lake, akalisukumie chini ya gurudumu kabla gari halijabadili mawazo. Leo anakaa kando yangu toka ghalani hadi sokoni, jiwe mapajani, akinisimulia habari za tumbo lake. Yeye umemnyima ujuzi, mimi umeninyima utulivu.

4. Dada yako. Alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga ndani ya gari lile, na kwa sababu hiyo nililipenda sana. Sasa kila asubuhi namkuta amekwishakaa mbele na kikapu chake. Akisema simama hapa, gari linasimama! Shemeji, katika ndoa yetu yote nilikuwa na sababu ya haki ya kutosimama. Wiki hii nimesimamishwa kwa shoga yake, kwa muuza vitunguu, na kwa mshonaji, kuulizia gauni ambalo haliishi kupunguzwa na kuongezwa.

5. Heshima, na hapa ndipo panaponiuma. Zamani nikianza kushuka mteremko, mtaa mzima ulisimama. Wenye maduka waliingiza ndani meza zao. Muuza nyanya alizikumbatia nyanya zake. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mwenye kitambi na faili, aliruka mtaro kama kijana. Nimeona wakubwa wakipokewa kwa ngoma na mashada, lakini sijaona aliyepokewa kwa moyo ule. Na siri ya ukubwa, Shemeji, ni hiyo tu: watu wasiwe na hakika kama utasimama. Waangalie wote wenye vyeo. Yupi kati yao ana breki? Siku wakifungwa breki, nani atawaamkia? Mimi umenifunga, na jana kuku alifika katikati ya barabara, akaniangalia, akaanza kujikuna.

6. Huyo mshonaji. Ukuta wake ndio uliokuwa kituo changu cha mwisho, gari lilipokuwa limegoma kabisa kusimama. Tuligombana vizuri, tukapatana, akanipa maji ya kunywa. Ule ulikuwa ujirani. Sasa ametoa cherehani yake nje, akaiweka palepale nilipokuwa natua, na anashona akiwa ameipa barabara mgongo. Mgongo, Shemeji! Huku anapiga mluzi!

Kwa sababu hizo naomba uzing'oe breki zako na kunirudishia zangu. Nimeziokota mwenyewe kwenye lundo lako la vyuma chakavu, nimezipakia, nakuletea pamoja na barua hii. Ukiona dhamiri inakusuta, basi zilegeze hizi mpya kiasi, ziwe zinashika siku moja moja, watu warudishe adabu. Ukikataa, nitamtafuta fundi asiye na huruma. Wamejaa.

Nisalimie wote hapo gereji, mchomeleaji na yule wa matairi, na mama mwambie nundu inapungua. Shikamoo yake naileta mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako,
Dereva asiyeogopwa hata na kuku.

Nyongeza: Naandika haya nikiwa nimeegesha, karatasi juu ya usukani, kwa hiyo usishangae mwandiko. Nilikuwa nakuletea barua, saruji imejaa hadi juu. Nikauona ule mgongo wa mshonaji na mluzi wake, nikasema leo nimkumbushe adabu kidogo, nikauacha mteremko unibebe. Nilipokaribia ndipo nikamwona dada yako. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mshonaji, upande wa barabara, anaokota pini.

Nilikanyaga mara moja. Hapakuwa na nafasi ya kupampu.

Nimeshuka, nimepima: vidole vinne kati ya bampa na mgongo wa dada yako. Yeye hata hakugeuka. Alisema tu nisogeze gari, namzibia mwanga. Jiwe alikuwa analia na jiwe lake mapajani, nami sikuweza hata kumnyamazisha.

Nimesogeza. Usimwambie dada yako. Zile breki za zamani nimezitupa mtaroni, na kesho alfajiri nakuletea gari. Ulifunga za mbele tu, Shemeji. Naomba na za nyuma.