Mzinga Niliomwahidi Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nesi wa zahanati kanifunga ule mpira mkononi, kaupuliza, katazama saa yake, kaguna. Presha imepanda. Akaniuliza nikitoka kazini hufanya nini. Nikamwambia hukaa nikifikiri. Akasema nipunguze kufikiri, nitafute uraibu.

Mimi, Tinga, karani wa yadi ya makontena hapa Changamwe, mtu wa mipango, nipunguze kufikiri!

Lakini neno limenikaa. Lenox ana uraibu. Lenox ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Kafedha, yeye kamwoa Eddah, mdogo wake Kafedha. Hupiga kinanda kanisani huku amefumba macho, na kila Jumapili kina mama humwambia Eddah amebarikiwa. Kafedha hawamwambii kitu.

Jioni nimeona video kwenye simu. Mzungu mmoja, bomba la plastiki, kiazi. Buu! Kiazi kikavuka uwanja mzima. Nimeirudia mpaka bando likaisha.

Basi uraibu wangu huo. Mzinga wa viazi!

Jumanne, 5 Agosti

Vipande vya mabomba nimevipata kwa Elkana, fundi wa mabomba hapa mtaani. Akauliza ni vya choo? Nikamjibu ni vya sayansi. Akasema sawa, lakini nisisahau kuweka mteremko.

Viazi si shida. Kafedha huuza viazi karai, vile vya kukaangwa kwa unga, kwenye kona ya kuingilia ploti yetu ya Chaani, na gunia lake hukaa nyuma ya mlango. Gunia zima! Nani awezaye kujua kiazi kimoja kimetoka?

Jioni baba mkwe, Mzee Mramba, akapiga simu kutoka shambani kwake Mwakirunge. Nikampa shikamoo yake. Hakuwa na raha. Tumbili wanamaliza mahindi. Na yeye kachoka. Anataka kuhamia Kaloleni kwa mwanawe mkubwa, shamba amwachie mkwe mmoja alitunze. Nani, hajaamua. (Sote twajua nani. Yule wa kinanda.)

Nikamwambia: Baba, hao tumbili wasikutie wasiwasi, mimi hapa natengeneza mzinga.

Mzee akacheka kwa furaha ambayo sijawahi kumpa tangu nimwoe bintiye. Akasema kumbe nina akili! Akasema zamani kwa babake kila mti ulikuwa na mzinga, na hakuna tumbili aliyethubutu kusogea.

Sikujua haya. Mzinga kila mti! Bila shaka ni mabaki ya vita vya Wagiriama na Mwingereza. Akauliza wangu nitautundika mti gani. Nikamwambia huu hukaa chini, una miguu. Akanionya kuwa ukikaa chini siafu wataingia. Ana uzoefu, mzee huyu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee kaniletea bonge la nta kwa mkono wa Eddah. Maagizo: niipake ndani, hasa mdomoni. Bila shaka, ili kiazi kiteleze! Hilo hata yule Mzungu wa video halijui. Nimepaka kwa ukarimu.

Kazi naifanyia nyuma ya bafu, chini ya turubai, mtu asiibe fikra. Kafedha haji huko. Anajua tu kwamba namtengenezea babake mzinga, na tangu jana ananiita kwa sauti laini kidogo. Asubuhi kaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia mambo haya yana hatari zake. Akasema anajua, mjomba wake aliwahi kuvimba mkono mzima. Familia ya wapiganaji!

Jumamosi, 9 Agosti

Jaribio la kwanza. Kiazi ndani, pampu ya baiskeli nyuma, koki katikati. Nikapampu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikafungua koki.

BUU!

Kiazi kikaruka juu ya bafu, juu ya paa, juu ya waya za stima, kikapotea. Sikusikia kilipoanguka. Nikaruka peke yangu nyuma ya bafu kama mtoto wa nasari. Mke wa Elkana, ambaye twatumia naye bafu hilo, akauliza kutoka ndani kama ni gesi imelipuka. Nikasema ni mlango.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani, saa ya shuhuda, jirani yetu Gladys alisimama na leso machoni. Alisema jana alikuwa uani kwake akimlilia Mungu kwamba nyumbani hamna hata cha kutia chunguni. Kabla hajasema amina, kiazi kikashuka kutoka mbinguni, kikadunda kwenye beseni.

Kanisa zima likasimama. Lenox akapiga kinanda, macho yamefumbwa. Mchungaji akaacha mahubiri aliyoyatayarisha, akahubiri mana ya jangwani.

Nilikaribia kunyanyua mkono. Haki ya mtu ni haki yake! Lakini nilimtazama Gladys, nikaushusha. Kafedha aliguswa mpaka akalia, na baada ya ibada akampelekea Gladys viazi kapu zima kutoka gunia letu. Kwa hiyo leo gunia limepungua kwa mkono wake na sitaki kusikia lawama.

Jumatano, 13 Agosti

Lawama zimekuja. Kafedha anasema gunia linaisha kabla ya wiki. Nilimwambia panya. Akasema panya gani abebaye kiazi kizima bila kudondosha ganda. Nikamwambia panya wa Changamwe wamezoea kupakua mizigo.

Akanunua mtego. Hakuniambia ameuweka wapi.

Ameuweka ndani ya gunia.

Nilipiga ukelele uliowaleta wateja kutoka konani. Kafedha akanikuta nimepiga magoti nyuma ya mlango, kidole kimebanwa, kiazi mkononi. Akauliza nafanya nini. Nikasema njaa. Basi badala ya kunifokea akanifungua kidole, akanifunga kitambaa, akasema ningesema tu. Mtu anayemfanyia baba yake kazi hawezi kulala na njaa. Akanikaangia sahani nzima, na chatne ya ukwaju juu.

Nimekula. Vilikuwa vitamu. Cha mwisho nilikiacha sahanini, nadhani ni pilipili.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa shida. Siku ya leo laiti ingemwangukia mtu mwingine.

Tulifika Mwakirunge mchana, mzinga nimeufunika leso ya Kafedha. Mzee alikuwa amealika watu! Wazee wa kanisa, majirani wa mashamba yote ya karibu. Kuku wamechinjwa. Lenox kaleta kinanda chake cha betri, kakiweka juu ya meza aongoze wimbo wa shukrani. Na kule kwenye mahindi, tumbili wamejipanga wakila kama wao ndio walioalikwa kwanza.

Mzee akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema vijana wa siku hizi wanapenda vya mjini, lakini huyu Tinga amerudi kwenye mambo ya wazee. Akasema leo atatangaza shamba atamwachia nani. Kafedha akaninyooshea ukosi wa shati.

Nikaondoa leso.

Bomba jeupe, pampu, koki, miguu ya mbao. Watu wakanyoosha shingo. Mzee Mramba akainama akachungulia mdomoni. Akazunguka, akachungulia nyuma.

“Nyuki wataingilia wapi?”

Nikamuuliza, “Nyuki gani, Baba?”

“Nyuki wa mzinga.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Babake hakupigana na Mwingereza. Babake alirina asali.

Mtu mwingine angeomba radhi. Mimi nikasema, “Baba, nyuki huuma mtu akiwa karibu. Huu wangu huuma mtu akiwa mbali.”

Nikashindilia kiazi. Nikawaelekezea tumbili. Nikapampu, nikafungua koki. Lakini ile nta ya ukarimu wangu ilikuwa imeganda, na kiazi kikakwama. Nikapampu tena. Wapi! Lenox akaja polepole, akauliza kama aombe. Nikamwambia akae kando. Nikaugeuza mzinga niikague koki.

BUU!

Kiazi kikapita juu ya wazee wa kanisa, walioinama wote kwa pamoja kama waliofanya mazoezi, kikaingia katikati ya kinanda. Kinanda kikatoa sauti ya ng'ombe. Kikanyamaza. Kisha kikaanza, chenyewe, mdundo wa chakacha! Lenox akabonyeza huku, akabonyeza kule. Chakacha ikazidi kasi. Mama mkwe, aliyekuwa amebeba sinia la wali, akatikisa kiuno mara moja kabla hajakumbuka ni nani waliopo.

Na tumbili? Hata hawakusogea. Mmoja alishuka, akaokota kipande cha kiazi, akala, akatazama kama kuna kingine.

Mzee alingoja betri zitolewe. Kisha akasema taratibu, “Tinga, mwanangu, huu ndio mzinga?”

“Naam, Baba.”

“Shamba atalitunza Lenox.”

Akaubeba mwenyewe, akaupachika juu kwenye panda ya mkwaju, watoto wasije wakauchezea.

Jumapili, 17 Agosti

Kafedha hajasema neno tangu Mwakirunge. Amekaanga, ameuza, ameosha karai. Jioni nikakaa kando yake kwenye kigoda. Nikamwambia kinanda cha Lenox kilikuwa cha zamani hata hivyo.

Ndipo aliposema, bila kupandisha sauti. Kwamba alikuwa amemwambia kila mteja: mume wangu anamtengenezea baba mzinga. Kwamba amemwambia hata Eddah. Kwamba siku zote Eddah akianza habari za kinanda, yeye hupuliza moto tu. Na safari hii, kwa mara ya kwanza, alikuwa na la kujibu.

Nikafungua mdomo niseme samahani. Nikajisikia nikisema kosa ni la nta.

Akainuka akaingia ndani. Gunia amelihamishia chumbani, upande wake wa kitanda.

Jumamosi, 23 Agosti

Simu ya Mzee Mramba asubuhi! Nilidhani ni ya kunidai kinanda, nikampa Kafedha apokee. Alisikiliza. Akaketi. Akanitazama kama mtu niliyemwamkia kwa lugha asiyoijua, akanirudishia simu.

Mzee alisema katikati ya wiki wingu la nyuki lilitua kwenye mkwaju. Likazunguka, likanusa, likaingia lote kwenye mzinga wangu kwa pale mdomoni, penye nta. Sasa wamejaa. Tumbili walipokuja kwenye mahindi ya upande ule walifukuzwa mpaka machimbo ya mawe, na hawajaonekana tena.

Lenox naye, mtunza shamba, jana alipanda juu autoe ule uchafu akautupe. Hakuuliza. Uso wake sasa umeumuka kama mkate wa boflo, na Eddah anamlisha uji kwa kijiko. Amesema Mwakirunge haendi tena, hata kwa mazishi.

Basi mzee akasema, “Kumbe ulikuwa na maana yako.”

Nikamwambia nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Akauliza mbona basi nilisema “nyuki gani”. Nikamwambia kwa heshima kwamba nilitaka kujua ni aina gani anayoipendelea.

Akasema shamba nilitunze mimi.

Kafedha alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, na unga wa kukaangia viazi ukamjaa usoni. Kisha akatoka konani. Hajamhudumia mteja hata mmoja bila kwanza kumsimulia. Nilisimama kando ya karai, mikono nimeikunja kifuani, nikiitikia kwa kichwa. Jioni Eddah alipiga simu. Kafedha akamuuliza hali ya Lenox kwa upole mkubwa mno, akamalizia kwa habari za mzinga, na hakupuliza moto hata mara moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Heshima imenirudia. Pale yadi wananiita Mtaalamu. Elkana amekuja kuomba ushauri, nikampa, ingawa sikuelewa swali. Mzee ameomba Jumamosi ijayo niwaonyeshe majirani wote jinsi ya kurina asali. Nimekubali papo hapo.

Kafedha akaniuliza kama niliwahi kurina. Nikamwambia kurina ni nini ila kutoa kitu ndani kikawa nje? Akasema kuna mzee mmoja huko huko Mwakirunge aliyefuga nyuki maisha yake yote, nikamuulize kwanza. Nimuulize nini? Wazee wa zamani walirina kwa moshi, usiku, wamejifunika gubigubi, kwa sababu hawakuwa na pampu.

Mimi ninayo. Na koki iko pale pale katikati ya mzinga, haijaguswa. Mchana kweupe, nikiwa na shati la mikono mifupi watu waone vizuri, nitaunganisha pampu, nitapampu mpaka ishibe, nitafungua koki. Asali itatoka yote mara moja, kwa mbele.

Nimempigia Mzee awaambie majirani waje na mabeseni, wajipange mbele ya mdomo, karibu kabisa, isije ikamwagika.