Namsaka Malkia wa Sufuria

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Vidole vimekataa kukunjika, na dawa ya kikohozi nainywa kama chai. Lakini fasihi haingoji jua.

Leo nimeweka kwenye ukurasa wangu uhakiki wa "Jini wa Tangi", hadithi fupi ya kutisha ya kijana mmoja wa Juja. Jini linatoka kwenye tangi siku ambayo mifereji ya mtaa imekauka. Nimempa chapati nne kwa tano. Wengine hutoa nyota, lakini nyota hazishibishi. Ningempa zote tano, ila jini lenyewe linabisha hodi kabla ya kuua. Jini gani hilo lina adabu?

Kisha nikarudi kwa ile kazi yangu nyingine, ambayo kanisani hawaijui. Hadithi za mahaba za kuchekesha. Zile ambazo watu wazima husoma wakiwa wameinamisha simu. Watunzi wake hawana kampuni wala duka: unalipa kwa simu, hadithi inakujia kwa simu. Na juu yao wote kuna mmoja, Malkia wa Sufuria. Hana picha. Hana sauti. Hakuna anayemjua. Lakini anajua Kamakis, anajua geti la Membley, anajua mpaka kona ambayo bodaboda hulala mchana. Huyu ni mtu wetu wa hapa Ruiru. Ni nani? Hilo swali linaniwasha kuliko upupu.

Linaniwasha pia kwa sababu ya Tata. Tata Waruguru ni dada ya marehemu baba yangu, mwalimu mstaafu, mjane, na mimi hukaa chumba chake cha nyuma hapa Membley. Nilikuja kwa wiki mbili. Wiki zimeendelea. Leo ameniambia, bila kuinua macho kutoka kwa simu yake, kwamba anakitaka hicho chumba. Nisipokuwa na kazi ya kueleweka kufikia Jumapili, nifungashe. Nikamuuliza anakitakia nini. Akasema ni mambo yake.

Nimtoke Tata niende wapi? Kwa binamu yangu kule Githurai 45, nilale kati ya watoto na friji? La.

Lakini Mungu halali. Jioni akapiga simu Swaleh, mwenye redio ya mtandaoni pale Thika. Akasema nikimleta Malkia hewani Jumamosi, kipindi cha vitabu cha kila wiki ni changu. Kazi ya kueleweka! Nikaruka, nikagonga kichwa kwa mlango. Ndipo akaongeza kwamba amemwahidi Kavindu vivyo hivyo. Kavindu! Mchana anauza dawa Thika, jioni anahakiki, na anapenda kusema "muktadha". Mimi na huyo msichana, mmoja atabaki.

Jumanne, 15 Julai

Malkia ametoa mpya: "Kiatu Kimoja." Nimeisoma mara ya kwanza kwa kazi, ya pili kwa uhakika, ya tatu kwa ajili yangu.

Iko hivi. Mama mjane anampenda mwenye bucha, mwanamume mkubwa wa gambuti nyeupe, zile buti ndefu za mpira. Bwana akija huvua gambuti mlangoni, kama mtu aliyelelewa. Mama anaficha moja. Sasa bwana ataenda wapi na mguu mmoja? Anabaki. Wanaitafuta pamoja, chumba baada ya chumba, na kila chumba kuna kingine kinachovuliwa. Ukurasa wa tisa nilifungua dirisha, na hii baridi yote.

Nimempa chapati mbili. Mhakiki lazima awe mkali. Nimeandika kwamba Malkia ana ulimi mtamu lakini wanaume hawajui: hakuna mwanamume mwenye akili anayeweza kushikwa na mtego wa kiatu.

Tata alikuwa jikoni akikanda unga. Akauliza leo nimeandika nini. Nikamwambia majini, kama kawaida. Akauliza, majini pekee? Nikasema majini pekee. Akaupiga huo unga kofi moja, jirani akachungulia. Chapati zilitoka ngumu lakini nilikula.

Mpango wa kwanza. Bucha, gambuti nyeupe, Kamakis. Hapo ni Kinuthia, hakuna mwingine. Nikamwendea. Nikamuuliza kama mwanahabari: ni mwanamke gani hukuangalia sana hapa dirishani? Akawa mwekundu kama maini. Akauliza kama Tata hajambo. Nikamwambia hajambo, tusitoke kwa mada. Akauliza kama goti la Tata limepoa. Huyo mtu hawezi kushika mada! Mwishowe akanifungia mifupa ya supu nimpelekee, na pesa akakataa. Ni wazi ananiogopa.

Jumatano, 16 Julai

Kinuthia ameleta nyama mwenyewe, wakati wa chai ya saa nne. Ameondoka chakula cha mchana kikiwa kimepita. Nilimwona akielekea getini: mguu wa kulia gambuti nyeupe, wa kushoto slipa nyekundu ya Tata, na anapiga mluzi. Watu wengine hawajijali kabisa.

Nikaingia jikoni kuona kama kuna mabaki. Hakuna juu ya meza. Nikafunua ile sufuria kubwa ya sherehe, iliyo chini ya sinki. Ndani: gambuti nyeupe. Moja.

Nilisimama hapo na kifuniko mkononi. Woi, Tata wangu. Nikaelewa yote mara moja. Ameanza kusahau! Leo anaweka gambuti kwenye sufuria, kesho ataacha gesi wazi. Roho iliniuma kweli. Huyu ndiye aliyenilipia shule baba alipotutoka.

Nikaamua kumsitiri. Nikaosha gambuti, nikaipeleka Kamakis kwa miguu. Nikamwambia Kinuthia sasa hana haja tena ya kurudi kwetu kuitafuta. Aliipokea kama mtu aliyepewa barua ya kufutwa kazi. Hata asante hakusema.

Nikamwambia Tata kwa upole kwamba nimeirudisha, kwamba kusahau si aibu, na kwamba siku hizi kuna dawa. Alikaa chini. Akauliza:

"Githae, wewe hizo hadithi huzisoma, ama huzihesabu tu?"

Hilo swali halina kichwa wala miguu. Nimeliandika hapa kama dalili, daktari akiuliza.

Alhamisi, 17 Julai

Leo ushirika wa nyumbani ulikuwa zamu ya Tata. Watu wa kanisa wote sebuleni, na viatu vyote vimejaa mlangoni kama sokoni. Nilipoona ule mlima wa viatu, wazo likanijia. Wazo la mtu aliyezaliwa na kipaji.

Hivi: nifiche kiatu kimoja kimoja cha kila mwanamume. Wakitoka, wapigwe na butwaa. Wanawake watashangaa, ila mmoja tu. Yule aliyeitunga hiyo hila ataiona mbele yake na atashindwa kujizuia. Atacheka. Na huyo ndiye Malkia!

Kwa hivyo walipofumba macho kwa maombi ya mwisho, nikatambaa. Maombi ya Mchungaji Ajwang ni marefu, namshukuru. Nikavipeleka nyuma ya tangi.

Amina. Wakatoka. Mzee wa kanisa akainua kiatu cha kushoto, akatafuta cha kulia. Mwingine naye. Mchungaji akasimama na soksi moja kwenye saruji baridi, akauliza kama kuna mwizi mwenye mguu mmoja. Mimi macho kwa wanawake.

Wakacheka. Wote! Trizah, jirani yetu, alikaa chini kwenye ngazi akashika mbavu. Mama wa kwaya akasema, "Ukurasa wa tisa," na wengine wakaanguka upya. Mke wa mchungaji alijifunika uso kwa leso lakini mabega yalikuwa yanaruka. Wah. Kumbe kanisa zima lina Malkia! Au ni chama, wanaandika kwa zamu? Nitachunguza.

Tata peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni mikono kifuani, amekauka. Nikamfuta kwenye orodha ya washukiwa, ingawa sikuwa nimemweka.

Kavindu naye alikuwepo! Alikuja na Trizah, eti mgeni. Hakuangalia waliocheka, alimwangalia Tata tu. Kisha akajitolea kubaki aoshe vikombe. Afadhali. Mtu ajue anapofaa.

Kurudi nyuma ya tangi, mbwa wa Trizah alikuwa amefika kabla yangu. Viatu vingi ni vizima. Cha Mchungaji ndicho alichokipenda.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeomba msamaha kwa Mchungaji. Mbwa hajaomba.

Jioni nimemwambia Swaleh nina washukiwa wengi, anipe wiki moja. Akasema asante, lakini Kavindu tayari amempata. Nikacheka. Kavindu? Amempata wapi, kwenye karai la vikombe?

Jumamosi, 19 Julai

Nimeenda kusikiliza kipindi kwa Kinuthia, kwa sababu ana spika kubwa na nilitaka mwenzangu wa kumcheka Kavindu. Nikamkuta amevaa tai juu ya aproni. Gambuti zote mbili. Na juu ya kaunta, kwenye ndoano ambapo huning'iniza mbavu, amening'iniza slipa nyekundu. Nikadhani ni kupotea kwa wateja kunamchanganya.

Kavindu akaanza na muktadha wake. Kisha akasema, karibu Malkia. Na sauti ikasema, asante, binti yangu.

Ngai! Sauti hiyo imeniamsha asubuhi zangu nyingi. Tata!

Nikakaa kwenye gogo la kukatia nyama. Nikamwangalia Kinuthia nimwambie habari hii kubwa, kumbe machozi yanamtoka, na hashangai hata kidogo. Alikuwa anajua! Mwenye bucha anajua na mhakiki hajui!

Tata akaeleza. Alikuwa anaandika kwa simu akipika, ndiyo maana ya jina. Kavindu alimjua vipi? Watu wote wakicheka, aliona mama mmoja ameogopa. Kisha akiosha vikombe akaona slipa moja nyekundu, akauliza ya pili iko wapi. Swali moja tu. Tata akasema mtu akikuuliza swali dogo namna hiyo, unajua amekusoma.

Kavindu akauliza kwa nini amejitokeza sasa. Tata akajibu:

"Nina miaka sitini na nne na ndio nimeanza kuandika ninachotaka. Sitaki kuandikia juu ya sinki tena. Chumba cha kuandikia ninacho. Kina mtu."

Nilifurahi sana kutajwa hewani. Nikamgusa Kinuthia bega, nikamwambia huyo mtu ni mimi.

Akaulizwa pia kuhusu wahakiki. Akasema kuna mmoja alimpa chapati mbili, ilhali yeye amempa huyo mhakiki chapati zisizo na idadi. Studio yote ilicheka. Sikuwa najua Tata anamfahamu mhakiki mwingine anayetumia chapati. Huyo ni mwizi wa mtindo wangu, nitamtafuta.

Nimerudi nyumbani nikamkumbatia. Nikamwambia sina kinyongo, na kwamba kuanzia leo mimi ni meneja wake. Hiyo sasa ni kazi ya kueleweka, na ofisi iko pale nyuma. Akaniuliza tu kama zile za kutisha nazisoma kweli. Nikamwambia hizo ndizo utaalamu wangu, hakuna kitu cha kutisha kinachoweza kunipita.

Akasema, "Haya basi."

Jumapili, 20 Julai

Tata hakunigongea kwenda kanisani. Nilipoamka majirani wote wamekwenda. Nikaenda Kamakis kutafuta uji, na hapo simu ikalia. Hadithi mpya ya kutisha, ya mtunzi mpya kabisa, anajiita Mwenye Ufunguo. Imetumwa kwangu peke yangu! Bila malipo! Jina langu linakua.

Inaitwa "Kitu cha Nyuma". Mwalimu mstaafu anaishi na kitu katika chumba cha nyuma. Kilikuja kwa wiki mbili. Hutoka watu wakilala, hufungua friji, hula chapati, hurudi. Kinanukia dawa ya kikohozi. Mama akikiuliza kitaondoka lini, hakisikii. Akiongea polepole, hakisikii. Akitangaza kwa mtaa mzima, hakisikii. Asubuhi moja, kikiwa kimetoka kutafuta uji, anaita fundi, anabadilisha kufuli.

Nimeiandikia uhakiki nikitembea kurudi. Chapati tatu. Friji inafunguliwa vizuri sana, nilisikia mlango wake. Lakini hicho kitu hakiaminiki. Hakuna kiumbe, cha kuzimu au cha duniani, kinachoweza kuambiwa mara zote hizo kisielewe. Na mwisho ni dhaifu. Nani hubadilisha kufuli bila kusema?

Mwenye Ufunguo ni nani? Naanza kuwashwa tena. Dawa ya kikohozi imetajwa mara nyingi, na Kavindu anauza dawa. Ni yeye! Nimepata mpango: nitaeneza habari kwamba mtunzi ni mwanamume, nione atakavyokasirika.

Nimefika. Tata amenianulia nguo, Mungu ambariki, na amezikunja vizuri ndani ya begi langu hapa mlangoni, godoro limesimama kando likipigwa jua. Ndani ya chumba nasikia Kinuthia anagonga misumari. Wananitengenezea meza ya umeneja.

Nimejaribu ufunguo. Hauingii. Hii baridi ya Julai huharibu kufuli. Nimeketi kwenye begi namngoja Tata atoke jikoni, nimwombe mafuta kidogo ya kulainisha.