Mnunuzi wa Nyumba ya Baba

Jumatano, 6 Agosti
Dada kapata mnunuzi wa nyumba ya marehemu Baba. Anakuja Jumamosi. Hata kuniuliza, hakuna! Mimi, kifungua mimba! Nimefika na begi moja na mpango mmoja: nitaugua. Nani atauza nyumba huku kaka yake anakata roho chumba cha nyuma? Hati ya nyumba nimeificha ndani ya shati.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekohoa tangu asubuhi. Kikohozi kile kile cha utotoni, Baba alipokuwa akiuza dawa yake sokoni, kavaa koti jeupe. Maji ya sukari! Mimi nakohoa, Dada analia, mdogo wetu anapitisha chupa. Nilikuwa napona mara nne kwa siku. Jamani, raha ile! Leo Dada hakuinua hata macho kutoka kwenye pasi. Kasema ataita daktari.

Ijumaa, 8 Agosti
Daktari kaja. Miwani, barakoa, koti jeupe. Kifungo cha tatu cheusi! Kile alichokishona Mama kwenye koti la Baba! Ni mdogo wangu, kitinda mimba, naye anawinda hati ili nyumba isiuzwe. Kapekua chini ya godoro eti anatafuta kunguni. Kaweka kipimo kifuani, juu ya hati kabisa, akasema mapafu yangu yanachakacha kama karatasi. Nikamshika mkono kwa nguvu kuliko mgonjwa anavyopaswa. Nilikuwa nimemkumbuka sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa saba, mnunuzi hajatokea. Dada kaandaa sahani tatu. Nikamuuliza mgeni atakula nini. Akauliza mgeni gani. Miaka minne tangu tumzike Baba, katualika mara sita, na mara sita tumempa udhuru. Mgonjwa na daktari tukatazama sahani. Kisha daktari akachanganya maji na sukari kwenye chupa. Dada akalia kilio chake cha sokoni, ila safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Nikanywa. Nikapona.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimerudi kwangu. Kimya kinaniudhi. Ningeweza kuwaalika tu, lakini hiyo ni kazi ya watu wasio na ufundi. Nimempigia Dada simu: nimepata mnunuzi wa shamba la Baba, waje Jumapili bila kukosa. Baba hakuwa na shamba. Dada kashtuka mno! Kauliza tu kama daktari aje na koti lake.
Hajashuku chochote.