Kitambaa Chenye Harufu ya Kloro

Jumatano, 7/6
Katika nyumba hii yote ya wazee ya Baraka, hakuna mwenye mikono safi kama mimi! Sawa, uongo. Sabuni sijaigusa tangu Jumapili. Kosa si langu: maji ya kloro yanaua utamu wa bugali. Lakini Mama Florentine, munganga anayetuuguza, anatunusa viganja kabla ya kila mlo. Bila harufu ya kloro, hakuna sahani. Leo amemsifu muzee mwenzangu Lukmani mbele ya bamama wote. Bila shaka! Yeye Mwislamu, anatawadha mara tano kwa siku. Mi Mukatoliki: nilibatizwa mara moja, ikatosha.

Alhamisi, 8/6
Akili imekuja! Nimechovya kitambaa changu cha pua ndani ya ndoo ya kloro. Nafuta viganja juu juu, basi. Florentine amenusa, akaniita papa musafi, baba wa usafi. Lukmani akauliza mbona kucha zangu nyeusi. Nimemjibu nilizaliwa nazo.

Ijumaa, 9/6
Bazee wa upande wangu wamejua siri. Mi si muchoyo. Kitambaa kimepita mikono tisa, na pua moja: Bonaventure ana mafua. Florentine ametangaza kwamba atakayeharisha atafungiwa chumba cha nyuma, wageni watamwona dirishani tu. Hainihusu! Jumapili mujukuu wangu Riziki anatoka kwao Swima na ndakala, samaki wetu wadogo, wa kukaanga. Miezi mitano sijamwona. Nitamshika mikono yote miwili.

Jumamosi, 10/6
Tumbo! Mara saba! Limeanza kwa Bonaventure, likafuata njia ya kitambaa, muntu kwa muntu, bila kuruka hata mmoja. Florentine amekikuta mfukoni mwangu. Hakupiga kelele. Amevaa gants za mpira mikononi, akaniosha kama mutoto, akatupa gants, akanawa, akavaa nyingine, akamwendea Bonaventure. Amesema tu kwamba kunawa kungenichosha kidogo kuliko hila yangu. Nimeona haya. Dakika mbili hivi.

Jumapili, 11/6
Riziki amekuja. Ameweka kiganja kwenye kioo cha dirisha la chumba cha nyuma, mi nikaweka changu upande wa pili. Kioo ni baridi kabisa. Samaki amewaacha kwa Lukmani, mwenye tumbo zima, eti anitunzie. Anawatunza kwa meno! Naona kutoka hapa.

Ukurasa huu naupitisha chini ya mlango. Lukmani, ndugu yangu, nani alikuachia kitanda kizuri wakati wa mvua, paa lilipovuja? Basi nilipe wema wangu: nisukumie ndakala mmoja, mmoja tu. Na tafadhali, usinawe kwanza. Kloro inaharibu utamu.