Waraka Namba Saba na Kidole cha Mkurugenzi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Kamati ya Kutabiri na Kuchunguza Maanguko ya Mfumo, ambayo mimi Marwoto ni katibu wake, imemaliza kazi kwa mafanikio makubwa. Mfumo umeanguka mara thelathini na mbili, na mara zote kamati ilikuwa kikaoni.

Kwa wasiojua: huduma za ofisi yetu hapa Semarang, Indonesia, kuanzia vyeti vya kuzaliwa hadi vibali vya vibanda, ni programu ndogo ndogo ndani ya kompyuta, kila moja imefungiwa kwenye kontena lake. Zinategemeana. Ya vibali haiamki mpaka ya majina iamke. Zamani zote ziliamka zenyewe saa kumi na moja alfajiri, bila adabu yoyote.

Adabu ililetwa na Mkurugenzi wetu, Pak Wiryawan, yaani Bwana Wiryawan, siku ya uzinduzi wa mashine ya mahudhurio. Alikata ncha ya mlima wa wali wa manjano, chakula chetu cha sherehe, ndipo sisi wengine tukaruhusiwa kula.

"Wali hauliwi kabla sijaukata," alisema akitafuna. "Sasa mfumo unaamkaje kabla sijafika?"

Ukatoka Waraka Namba Saba: kila asubuhi makontena yote yasubiri kidole cha Mkurugenzi kwenye mashine ya mahudhurio. Kifungu cha pili: kidole hakikaimiwi.

Mkurugenzi hufika saa nne. Akiwa na mialiko, saa saba. Barazani wananchi walianza kuja na mikeka.

Ratmi, mtumishi wa mkataba anayetunza mfumo, aliandika ripoti fupi: "Chanzo ni kidole cha Mkurugenzi. Jumatatu akiwa Jakarta, mfumo hautaamka kabisa." Ripoti zetu hupanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi hupunguza makali. Mkuu wa kitengo akaandika "kidole". Mkuu wa idara, "mguso". Mimi, kwa uzoefu wa miaka ishirini na sita, nikaandika "unyevu wa hewa".

Pak Wiryawan alifurahi sana. "Unyevu! Nilijua tu. Haya, nani ameuachia ukaingia?"

Sote tukamtazama Ratmi.

"Pak Marwoto," akaninong'oneza, "unyevu gani tena? Si nimeandika kidole?"

"Mbak, dada yangu, usinitie matatani. Hiyo ndiyo lugha ya kitaalamu."

"Mwanangu anaanza shule Julai. Nina kazi hii tu, Pak."

"Na mimi nina pensheni."

Mkataba wake ulikatizwa Ijumaa. Barua niliichapa mwenyewe, nakala tatu. Nilimwonea huruma kweli, lakini huruma haina fomu.

Jumatatu, huko Jakarta, Pak Wiryawan alisimama mbele ya Waziri kuuonyesha mfumo wetu kwenye skrini kubwa. Skrini ikaandika: "Tafadhali subiri. Mkurugenzi hajafika kazini."

Simu yangu ikalia. "Marwoto! Fungua hili dude!"

"Kidole hakikaimiwi, Pak. Kifungu cha pili."

"Basi mwite yule binti!"

Nikampigia Ratmi. Alikuwa anakaanga tempe za soya, mafuta niliyasikia.

"Mlinifukuza, Pak. Ila pale chini kuna kitufe kimeandikwa 'Chanzo'. Hicho hakimsubiri mtu. Mwambie abonyeze."

Nikamwambia Pak Wiryawan, akabonyeza. Yakajitokeza maanguko yote thelathini na mawili, kila moja na saa mfumo ulipoamka, na pembeni saa aliyofika Mkurugenzi. Zililingana hadi dakika. Chini yake ilikuwepo ripoti ya Ratmi, kama ilivyokuwa kabla ya kupanda ngazi.

"Saa saba na dakika ishirini," Waziri alisoma. "Hiyo ndiyo asubuhi yenu Semarang?"

"Ni unyevu, Mheshimiwa," akajibu Pak Wiryawan.

Waziri akauomba Waraka Namba Saba, akausoma wote, akausifu. Hakuufuta. Aliongeza kifungu cha tatu tu: kidole kiwekwe saa kumi na moja alfajiri, kila siku, Jumapili zikiwemo, mpaka mwenye kidole atakapostaafu, katibu wa kamati akishuhudia.

Ratmi amerudishwa, sasa kwa ajira ya kudumu. Hufika saa mbili, ameshalala vya kutosha, na kutukuta mimi na Mkurugenzi tumesinzia pale mashineni, huku wananchi wakituruka kwenda kuhudumiwa. Jana mama mmoja alituachia mkeka wake.