Mshale Urudi Kwenye Sifuri

Kwako Fundi Turgun,
Gereji ya nyuma ya soko, Kokand.

Ndugu Fundi,

Pokea salamu zangu, mimi mama yake Mirvohid, dereva wa teksi ya Tashkent. Hujambo na watoto? Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Miaka kumi na mmoja spidomita ya gari kuukuu la mwanangu ilikuwa imekufa, mshale umelala kwenye sifuri. Nikipanda namuuliza, "Baba, unakwenda ngapi?" Ananijibu, "Mama, si unaona mwenyewe? Hata nyumbani hatujatoka." Tunacheka. Ukaja wewe na grisi yako, ukabadilisha kebo, mshale ukaamka. Nalalamika hivi:

1. Jumamosi, kwenye kona za mlima wa Kamchik, mshale ulisimama kwenye mia na kumi. Nina darasa la nne tu, lakini mia na kumi naijua. Kabla yako sikuwahi kumwona akifika hata kumi.

2. Mwanangu anasema mshale wako unatia chumvi. Basi ama umeniharibia mtoto, ama umenifungia mwongo ndani ya gari. Chagua, yote mawili ni kazi ya mikono yako.

3. Abiria waliokuwa wakilala hadi Tashkent sasa wamenyoosha shingo kama bata, wanasoma namba na kusali. Mmoja aliteremka mlimani akasema bora punda.

4. Akisafiri, kwa desturi yetu huwa anauma mkate kidogo, nami nautundika ukutani umngoje arudi kuumaliza. Mmoja ulitosha. Kwa mia na kumi natundika mitatu, na panya wamehamia kwangu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima uilaze tena spidomita yake. Kisha upite mtaa mzima, na bonde zima la Fergana, uziue spidomita zote. Serikali imemaliza rangi kwa mabango ya "punguza mwendo". Wewe unahitaji bisibisi tu.

Nisalimie mkeo, na mkweo mwenye maumivu ya magoti, na majirani wote wasio na gari.

Anayekulaumu kwa upendo,
Hosiyat

Nyongeza: Sikuweza kukungoja. Asubuhi nimefungua ile nati ya nyuma ya spidomita kwa vidole, nikachomoa waya wa ndani ya kebo yako. Ninao mapajani. Mwanangu ameondoka na sifuri yake. Nilimuuliza dirishani atakwenda ngapi, akacheka: "Sifuri, Mama." Sasa sijui anakwenda ngapi. Nimetundika mikate saba. Akirudi namleta kwako moja kwa moja. Urudishe waya, na ile nati uikaze kwa spana, nisiiweze tena.