Vita Kilindoni mwa Lea

19 Machi 2003, Jumatano
Vita ni kesho. Nimetazama kwa Kefa, jirani yangu fundi wa kuchomelea, mwenye dishi kubwa kuliko nyumba yake. Meli za kivita zimejaa Ghuba! Moyo unanienda mbio. Wenzangu pale wanabishana Simba na Yanga. Hakuna anayejiuliza mafuta ya taa yatatoka wapi. Tangu nipunguzwe kazi wizarani, mimi nina muda wa kujiuliza. Nimemweleza mke wangu Lea. Akasema nikachote maji, mafundi wa Kizota anaowauzia chakula wanasubiri ugali wake.

20 Machi, Alhamisi
Vimeanza! Baghdad inawaka. Sikula mchana. Nikasema kwa sauti kwamba nawahurumia wale watoto. Kefa akaniambia nikae, kichwa changu kinaziba kioo.
Mpango tayari. Respicius, dalali wa Kibaigwa, ana madumu ya mafuta ya taa na anataka mahindi. Mahindi tunayo, kwenye kilindo cha Lea, kile cha gome la mti, kikubwa kama pipa, alichopewa na mama yake wa Kibakwe. Tatizo: kwetu mwanamume hatii mkono katika kilindo cha mkewe. Akikutwa, wazee huitwa. Lakini desturi hiyo iliwekwa kabla ya makombora.

22 Machi, Jumamosi
Nimefanya! Lea alikuwa kwa mafundi. Mahindi mengi yameondoka na lori la Respicius. Madumu nimeyapanga chini kilindoni, juu nimefunika kwa mahindi yaliyobaki. Ukichungulia, kimejaa. Dumu moja halikuwa na kifuniko, nikaziba kwa gunzi. Respicius alicheka njia nzima hadi kwenye lori. Mtu mchangamfu sana.

25 Machi, Jumanne
Dhoruba ya mchanga huko Iraki. Vifaru vimekwama. Nimefurahi, kisha nimeona aibu, kisha nimefurahi tena. Vita virefu ndivyo vinavyonifaa.
Lea karudi kutoka shambani. Mvua imekata, mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Anasema kilindo ndicho chakula chetu chote mpaka mwakani. Nikamwambia Wairaki wana shida kubwa zaidi.

29 Machi, Jumamosi
Kefa anadai bei ya mafuta imeshuka dunia nzima. Wivu! Nimekwenda dukani kwa Mwajabu kuhakikisha. Imeshuka. Mahindi ndiyo yamepanda. Nimemshauri Mwajabu awe anafuatilia habari.

3 Aprili, Alhamisi
Ugali una harufu. Hana, binti yetu mdogo, ametapika. Kefa kamwambia Lea mbele ya mafundi wote kwamba ugali wake unafaa kuwashia jiko. Lea anadhani ni mashine ya kusaga. Nimeilaumu mashine kwa nguvu zote.

5 Aprili, Jumamosi
Lea amefika kwenye madumu. Lile lenye gunzi lilikuwa limelala ubavu, tupu. Mahindi yote yamelowa. Tuliyaosha, tukayaanika, tukawamwagia kuku wa Kefa. Kuku waligeuka wakaenda zao.
Nilitegemea apige kelele. Alikaa chini kando ya kilindo akalia taratibu, kama kwenye msiba. Naogopa.

7 Aprili, Jumatatu
Wazee wamekuja. Baba mdogo Mazengo aliniuliza kwa nini nilitia mkono humo. Nikaeleza Baghdad, Ghuba, visima vya mafuta. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama Lea ana ugomvi na watu wa huko. Wamekata shauri: Lea na watoto waende Kibakwe kwa mama yake mpaka nikijaze kilindo. Lea akasema huko nako wanalalia mboga ya mlenda mtupu, bila ugali. Wazee wakachukua fimbo zao wakaondoka.

9 Aprili, Jumatano
Wameondoka asubuhi. Nilimbeba Hana hadi kituoni. Mwepesi mno! Nilishtuka, nikaumia. Lea hakugeuka nyuma.
Mchana Baghdad imeanguka. Kefa kahamishia kwenye mpira.

14 Aprili, Jumatatu
Habari nzito! Huko Uchina kuna ugonjwa wa mapafu unaopanda ndege na abiria. Nimeona kwa macho yangu, watu wamefunga vitambaa mdomoni. Hautachukua muda kufika Dodoma, na hapa wabunge hawakauki. Watu watatafuta tangawizi ya kutibia kifua kama wendawazimu. Nani anayo? Sila wa sokoni, nusu ya banda.
Lea ameagiza kwa dereva wa lori: Hana bado hana nguvu za kusimama, nitafute hata debe la mahindi haraka. Debe! Nitapeleka magunia, tangawizi ikishapanda bei.
Sila anakubali kubadilishana na kitanda. Nimempa cha watoto. Hakina mtu.